Kubadili majina ya profaili za rangi: Photoshop bado inaonyesha majina ya zamani

MpigapichaSinza:
Habari zenu wanajukwaa. Ninapiga picha za harusi hapa Dar es Salaam na kuzihariri kwa programu za Lightroom na Photoshop. Profaili za rangi, yaani mafaili yanayoieleza kompyuta rangi za kamera au karatasi fulani zikoje, zimejaa kwenye kompyuta yangu: za kamera, na za karatasi nilizopewa na mafundi wa kusafisha picha Kariakoo. Mafaili ya profaili za karatasi nimeyabadili majina ili yaeleweke, lakini menyu ya Photoshop imebaki vilevile. Naomba kuelekezwa namna ya kuzipanga bila kuharibu kazi za wateja.

FundiRangi:
Ndugu, Photoshop haiangalii jina la faili. Kila profaili ya ICC, yaani ya aina hiyo ya karatasi zako, ina maelezo yaliyoandikwa ndani yake, na hayo ndiyo yanayotokea kwenye menyu, hata faili lenyewe uliite vipi. Weka kwanza nakala pembeni, kisha badili maelezo hayo kwa programu ya kuhariri profaili. Taja printa, karatasi na mwezi, kwa mfano "Epson Luster 2024-06", kwa kuwa fundi akibadili wino au karatasi, profaili ile haimfai tena. Kwenye Windows utazikuta katika folda ya C:\Windows\System32\spool\drivers\color, na kwenye Mac katika Library/ColorSync/Profiles. Ukimaliza, funga Photoshop uifungue upya.

DadaMwenge:
Hayo ni ya karatasi. Za kamera, ndugu yangu, nakusihi usizibadili majina. JPEG uliyoihifadhi pamoja na profaili yake ya ICC hutembea nayo popote iendapo, lakini picha ghafi (RAW) ndani ya Lightroom hutegemea jina la profaili ya kamera, na profaili yenyewe hubaki kwenye kompyuta. Ukibadili jina lililo ndani ya faili la DCP, yaani faili la profaili ya kamera, harusi zote ulizozihariri kwa profaili hiyo zitaonyesha kwamba haipatikani, na mteja akirudi mwakani kuomba albamu nyingine utaanza kuhangaika. Zile unazozitumia ziwekee alama ya nyota ili zikae kwenye kundi la vipendwa, na makundi usiyoyahitaji yafiche, Lightroom inaruhusu.

MpigapichaSinza:
Nashukuru sana, dada. Na zile profaili za kawaida, sRGB na Adobe RGB, je?

FundiRangi:
Hizo ziache zilivyo. Mafundi wote wanazijua kwa majina hayo.