"Discreet" katika mkataba wa kazi: ni busara, siri, au nini?

Mtafsiri_Ngara
Hamjambo wakuu. Ninatafsiri mkataba wa karani wa ofisi ya mawakili hapa Nairobi. Sehemu moja inasema karani "must be discrete". Nyingine inasema bonasi italipwa "at the employer's discretion". Kamusi inanipa "busara" kotekote, na sentensi zinakataa kukaa sawa. Nifanyeje?

Karani_Mkuu
Anza na tahajia, ndugu. Aliyeandika mkataba amekosea: alitaka "discreet". "Discrete" ni kitu kilichojitenga, kinachohesabika kimoja kimoja. Abiria wa matatu ni idadi ya aina hiyo: 13 au 14, hakuna 13 na nusu. Dizeli iliyo kwenye tangi si hivyo, maana inaweza kuwa lita 20.37. Maneno yote mawili yametoka kwa neno moja la Kilatini lenye maana ya kutenganisha, na yanatamkwa sawasawa, ndiyo maana hata Waingereza huyachanganya. Kikagua tahajia cha kompyuta mara nyingi hakitakuonya, kwa kuwa yote ni maneno halali. Njia ya kukumbuka: katika "discrete", herufi t imeingia katikati ikazitenga e mbili. Mwambie mteja arekebishe asilia kabla watu hawajatia sahihi.

Mama_Sarufi
Naongezea kwenye maana, maana hapo ndipo penye kazi. "Busara" ni pana mno. Mtu anaweza kuwa na busara tele na bado akatoa siri ya ofisi mezani wakati wa chai. Tazama neno linaeleza nini.

Likimweleza mtu, kwa kawaida ni yule asiyevujisha mambo. Kwa mazungumzo tungesema ana kifua. Kwenye mkataba andika "awe mtu wa kutunza siri". Likieleza tendo, kama "discreet inquiries", ni kuulizia kimyakimya bila kuvuta macho ya watu. Hapo usikimbilie "kwa siri", kwa sababu msomaji atanusa njama, na neno la Kiingereza halina harufu hiyo. Likieleza kitu, mfano hereni, ni kitu kisichojionyesha.

Wengine hulichanganya na "tactful". Huyo husema jambo gumu kwa staha asimuumize mwenzake. Aliye "discreet" huenda asiseme lolote.

Mtafsiri_Ngara
Asante sana, Mama. Na ile "discretion" ya bonasi? Nilikuwa nimeandika "kwa busara ya mwajiri".

Karani_Mkuu
Ifute hiyo. "Discretion" ina maana mbili: ile sifa ya kutunza mambo, na uhuru wa kuamua. Mkataba wako unataka ya pili. Ukiweka "busara", mfanyakazi aliyenyimwa bonasi ana haki ya kuuliza kama mwajiri amekosa busara, ilhali kifungu kinasema tu kwamba mwajiri ndiye mwenye uamuzi. Andika: "Bonasi italipwa mwajiri akiona inafaa." Likija kuhusu hakimu, "mamlaka ya hiari" hufaa. Onyo la runinga, "viewer discretion is advised", nalo ni la ukoo huo: mtazamaji apime mwenyewe kama atazame.

Mama_Sarufi
Angalia na kinyume chake. "Indiscreet" ni mropokaji, au neno lililotoka pasipofaa. Lakini "an indiscretion" mara nyingi ni tafsida ya kutoka nje ya ndoa. Ukiitafsiri "kukosa busara" msomaji hataelewa kilichotokea, na ukiandika "uzinzi" umeifumua tafsida ya mwandishi. "Aliteleza" inabeba yote mawili.

Mtafsiri_Ngara
Nimebadilisha: "Karani awe mtu wa kutunza siri za ofisi na za wateja."

Mama_Sarufi
Hapo kwenye "na za wateja", muulize wakili kwanza. Asilia haikutaja wateja, na mkataba haupaswi kuongezewa wajibu na mtafsiri.