Mfumo unasema tangi lina mafuta hasi, na mtunza stoo anakaribia kukatwa mshahara

binti_wa_Iramba

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla ya Jumatatu.

Ni mhasibu kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Singida. Mwezi wa tano, msimu ulipoanza, bosi alituwekea ERPNext, programu ya bure ya stoo na hesabu, badala ya madaftari na Excel. Kijana aliyeifunga alikaa siku nne, akatufundisha siku moja, akaaga. Bosi anataka kitu kimoja tu: kila asubuhi aone kwenye simu mbegu zilizopo stoo, mafuta yaliyopo kwenye tangi na madumu yaliyotoka.

Sasa leo simu imemwambia tangi lina hasi kilo 3,100. Nimetoka kulichungulia sasa hivi, mafuta yamo. Kwenye mbegu ni kinyume. Hadi mwisho wa mwezi wa sita tulinunua tani 210, tukatoa 160 kwenda kwenye mashine, lakini tukihesabu stoo zipo 43. Tani 7 hazionekani. Bosi ameshatamka kwamba mtunza stoo atazilipa. Ni mzee wa watu, ana miaka kumi na moja pale, na tangu Jumanne hajala na sisi mchana.

Mfumo umekosea wapi? Au kweli tunaibiwa?

fundi_seva

Pole dada. Programu za bure ndiyo shida zake hizo. Mwambieni bosi anunue SAP Business One, programu ya kulipia, hasi zote zitaisha.

Mzee wa Stoo

Fundi, hata ukimletea SAP, ukiijaza lita mahali pa kilo itakujibu vilevile, ila kwa gharama.

Binti, nimekaa stoo za viwanda miaka 23, kwanza sabuni, baadaye mafuta. Fungua BOM ya dumu la lita 20, yaani ile orodha ya vitu vinavyoingia kwenye dumu moja, uangalie limeandikiwa mafuta kiasi gani. Nabashiri ni 20. Na nabashiri mafuta yanayotoka kwenye mashine mnayapima na pipa juu ya mizani, kwa hiyo yanaingia kwa kilo. Lita moja ya mafuta ya alizeti haifiki kilo, ni kama gramu 920. Dumu la lita 20 hubeba kilo 18.4. Basi kila dumu mnalofunga, mfumo unakomba kilo 1.6 ambazo hazijawahi kuwepo. Hesabu madumu mliyofunga tangu mwezi wa tano, uzidishe.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya stoo. Kuna kisanduku cha kuruhusu stoo hasi, na naamini kina tiki. Bila ile tiki mfumo ungegoma siku ya kwanza mlipojaribu kufunga dumu kwa mafuta usiyoyaona, mngegundua mapema. Mafundi wengine huiweka ili wasipigiwe simu usiku.

Mbegu sasa. Mlipima unyevu getini? Tani 100 zikiingia na unyevu wa asilimia 11, zikakauka stoo hadi 8, zinabaki tani 96.7 bila mtu kugusa hata punje. Kwa tani 210 ni karibu tani 7. Lakini usikimbilie kumpelekea bosi hiyo, maana zilizoingia kwenye mashine wiki za mwanzo hazikupata muda wa kukauka. Mimi ningekubali tano. Halafu niambie, mbegu za kwenda kwenye mashine mnazipima kabla ya chekeche au baada? Mchanga na vijiti mlivinunua kwa bei ya alizeti, vikaishia jalalani bila karatasi.

Nasisitiza hili la unyevu kwa sababu miche ya sabuni nayo hupungua uzito ikikaa. Pale kwenye sabuni tulimkata kijana mmoja mshahara miezi mitatu kwa upungufu ambao ulikuwa maji tu yaliyokauka. Barua nilisaini mimi.

Kuanzia kesho, saa moja asubuhi, mashine haijawashwa na mafuta yamepoa, chomeka fimbo ya kupimia kwenye tangi. Andika unachosoma kwenye karatasi, NDIPO ufungue kompyuta. Ukianza na kompyuta, fimbo itasoma kile ulichokiona kwenye kioo. Na kila siku piga hesabu ya kilo za mafuta zinazotoka kwa kilo 100 za mbegu. Hiyo namba ikishuka ghafla, kaangalie mashine kwanza, mashudu yakiwa na mafuta mkononi jibu unalo, halafu ndiyo ufikirie wizi.

MkaziWaNakuru

Mzee amemaliza. Naongeza kidogo tu, mimi naangalia kompyuta za kiwanda cha chakula cha mifugo huku kwetu. Watu wangapi wanaingia kwa akaunti ya Administrator, ile kuu ya mfumo? Sisi tulikuwa sita, paswedi moja, imebandikwa kwa skrini. Mtu akabatilisha stakabadhi ya mahindi, na hadi leo hatujui ni nani, logi inasema Administrator basi.

Na bakap, nakala ya akiba ya data, usiulize kama ipo. Irudishe kwa kompyuta nyingine uone ikifunguka. Yetu ilijiandika kila usiku vizuri kabisa, kwa diski ileile ya seva. Stima ilipotea, diski ikafa, bakap ikazikwa nayo.

binti_wa_Iramba

Mzee shikamoo. Na wa Nakuru asante, paswedi yetu na sisi imebandikwa, nimeibandua leo.

BOM ilikuwa 20 kweli. Madumu ni 2,600, mara 1.6 ni kilo 4,160. Toa ile hasi, tangi linatakiwa liwe na 1,060. Fimbo asubuhi, baada ya kubadili lita kuwa kilo, imenipa 1,030. Kilo 30 sina ugomvi nazo.

Unyevu ulipimwa, ila vipimo vimelala kwenye daftari la getini, hakuna aliyeviingiza. Wastani ni 11. Jana nimepima stoo, 8. Mbegu tunazipima baada ya chekeche, na jana kwenye tani 8 zilitoka taka kilo 84. Kwa tani 160 ni kama tani 1.7. Ukijumlisha na zile tano zako, zinabaki kilo 300 hivi za kutafuta. Nimemwonyesha mtunza stoo karatasi yenye hesabu hii. Ameisoma mara mbili, akaomba nakala.

Yamebaki mawili. Tiki ya hasi sijathubutu kuitoa. Shifti ya usiku wanaandika kwenye daftari, mimi naingiza saa tatu, na mauzo yanaanza saa mbili. Nikiitoa, magari ya wateja yatakwama getini.

La pili, nimehesabu madumu. Mfumo unasema 214, yapo 209. Daftari la mlinzi linaonyesha matano yametoka kwenye gari la bosi mwenyewe, Jumamosi mbili tofauti. Karatasi hakuna. Hilo naliingizaje?

Mzee wa Stoo

Marahaba binti. Msimamizi wa usiku aingize mwenyewe saa kumi na mbili kabla hajakabidhi zamu, kwa akaunti yake na kwa simu yake, inafunguka kwenye kivinjari. Mpe wiki mbili azoee, ndipo utoe tiki.

Madumu matano yatolewe stoo kwa karatasi kama mengine. Kama ni kampuni, ni deni la mkurugenzi. Kama ni biashara yake binafsi, ni matumizi ya mwenye mali. Asaini yeye, usimsainie.

Ila Jumatatu anza na mbegu. Madumu yaweke ukurasa wa pili, akishakunywa chai.