"Arrive at", "arrive in" au "arrive to"?

Wakuu, Kiswahili tunasema "nimefika Nairobi", basi. Kwa Kiingereza ni kihusishi gani? Na kwa nini "enter into the room" inasahihishwa?

Jibu: "Arrive to" ifute kabisa. Mji au nchi huchukua "in": "arrive in Nairobi". Kituo, jengo au sherehe huchukua "at": "arrive at the airport". "Reach" haitaki chochote: "reach Nairobi". "Home", "here" na "there" nazo hukataa "to", kwa hiyo ni "go home". Kinachotuponza ni -ni yetu: naenda sokoni, nipo sokoni, natoka sokoni. Umbo ni lile lile, kitenzi ndicho kinachoonyesha mwelekeo. Kiingereza hudai "to", "at" na "from".

Jibu: "Enter" tayari ina maana ya kuingia ndani, ndiyo maana "into" inazidi. "Enter into" ni ya mikataba na mazungumzo. Kwenye vyombo: teksi ni "get in" na "get out of", basi, treni, ndege na pikipiki ni "get on" na "get off". Kipimo cha haraka: unaweza kutembea ndani yake, au unakaa juu yake? Tumia "on".

Jibu: Msisahau "leave", hii ndiyo hatari. "Leave Dodoma" ni kuondoka Dodoma. "Leave for Dodoma" ni kuondoka kuelekea Dodoma. Ukiacha "for", mwenyeji ataelewa unatoka Dodoma, si kwamba unaelekea huko.