Naomba ushauri: binti wa miaka minne na nusu anachoka haraka anapofuatisha herufi za nukta

Mama wa Kitunda:
Wanajukwaa, habari zenu. Nina binti wa miaka minne na nusu anayesoma chekechea huku Kitunda, naye anatarajiwa kuingia darasa la awali Januari ijayo. Kila jioni hurudi na karatasi za herufi za nukta anazotakiwa kuzifuatisha kwa penseli. Huanza vizuri, lakini kabla hajafika mbali huishika penseli kwa ngumi, huikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, kisha hulalamika kwamba mkono unauma. Baba yake anaona ni uvivu, na amemnunulia Kariakoo kitabu kizima cha mazoezi ya namna hiyo. Mimi nahofia atachukia kuandika kabla hajajua kuandika. Je, niongeze mazoezi, niyapunguze, au kuna jambo linalopaswa kutangulia? Vilevile hupendelea mkono wa kushoto, na bibi yake humhamishia penseli kulia kila anapomwona.

Mwalimu wa Awali, Temeke:
Dada, huo si uvivu. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu. Hugeuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho huchelewa hadi umri wa miaka 8 au hata 12. Nguvu nayo huanzia begani, ikashuka kwenye kiwiko, halafu kwenye kifundo, na vidole huja mwisho. Mtoto anayeshika penseli kwa ngumi mara nyingi anaandika kwa mkono mzima kwa sababu vidole vimeshachoka, na ukimwongezea karatasi unamzoesha mshiko huo huo.

Weka penseli pembeni kwa muda, lakini usiache kazi ya mikono. Mpe chaki aandike kwenye geti au ukutani, kwa kimo cha macho yake, kwa sababu akiandika juu ya kitu kilichosimama kifundo hujikunja kuelekea nyuma kama kinavyotakiwa kukaa wakati wa kuandika. Mlaze kifudifudi kwenye mkeka achore, mabega yapate kazi. Jikoni kuna mengi kuliko kitabu cha Kariakoo: kupukuchua mahindi, kumenya karanga, kuchambua choroko, kukanda kidonge chake cha unga wa chapati. Kufunga vifungo vya sare na kubana nguo kambani kwa vibanio pia ni mazoezi, na shanga za kutunga hazina gharama kubwa. Chaki na kalamu za rangi mpe vipande vifupi vilivyovunjika, kwani kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Mtoto hulazimika kutumia kidole gumba, cha shahada na cha kati bila wewe kumsemesha.

Kuhusu herufi zenyewe, tazama anavyoandika badala ya kutazama karatasi iliyokamilika. Karatasi ikishajazwa haisemi mtoto alianzia wapi, na wengi huruka kutoka nukta moja hadi nyingine, wakasimama kila mahali, hata herufi «o» ikawa ni vijistari vingi vilivyoungwa. Weka alama moja ya rangi mahali pa kuanzia, naye aende kwa mwendo mmoja. Tena si lazima mkono ufuate mpangilio wa a, e, i, o, u tunaoutumia kufundisha silabi. Anza na «i», «l» na «t», ambazo ni mistari ya kushuka, ingia «u», ndipo uje kwenye «o» na «a» zinazozunguka kuelekea kushoto. Kwa herufi hizo chache tayari anaandika «lala», «tai» na «ua», na mtoto aliyeandika neno lenye maana hahitaji kubembelezwa sana.

Baba wa Wawili:
Mwalimu, ninakuheshimu, ila shule nyingi za kulipia hapa mjini zina usaili, na mtoto huambiwa aandike jina lake papo hapo. Mzazi akimwacha anamenya karanga huku wenzake wanajaza madaftari, nani atamtetea siku hiyo?

Msomaji wa Ubungo:
Ndugu yangu, ukiitazama vizuri hoja yako inamuunga mkono mwalimu, maana usaili hautoi nukta. Mwaka 2012 watafiti Karin James na Laura Engelhardt walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa kundi dogo la watoto wa karibu miaka mitano ambao hawajajua kusoma. Watoto hao walijifunza herufi kwa kuziandika wenyewe, kwa kuzifuatisha, na kwa kuzibonyeza kwenye kibodi. Walipoonyeshwa herufi hizo baadaye, sehemu za ubongo zinazohusika na kusoma ziliamka zaidi kwa herufi walizoziandika wenyewe, hata kama zilikuwa zimepinda. Kwa hiyo nukta ziwe za kuonyesha njia tu: afuatishe mara chache, kisha aandike pembeni bila msaada.

Mwalimu wa Awali, Temeke:
Naafiki. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, alitumia herufi za msasa ambazo mtoto huzipitia kwa kidole kabla ya kushika kalamu. Hapa Dar mchanga laini kwenye sinia unatosha, na hata msasa wenyewe upo kila duka la vifaa vya ujenzi.

Shangazi wa Magomeni:
Mwanangu, huyo bibi mweleze kwa adabu. Mkono wa kulia abaki nao kwenye kula na kusalimia, kama tulivyolelewa, lakini penseli amwachie mtoto auchague mwenyewe. Karatasi iinamishe kidogo kuelekea kulia, na mtoto aishike penseli juu kidogo ya ncha ili aone anachokiandika. Darasani akae upande wa kushoto wa dawati, asigongane viwiko na mwenzake.

Mama wa Kitunda:
Nashukuru sana, shikamoo Shangazi. Mwalimu, nitajuaje kwamba tatizo si uchanga wa mkono tu?

Mwalimu wa Awali, Temeke:
Herufi kugeuka, kama «b» kuwa «d», kusikutishe hadi karibu miaka saba. Ila kama anashindwa kunakili duara au msalaba, hawezi kula kwa kijiko bila kumwaga, mkono mmoja umelegea kuliko mwingine, au anapoteza kitu alichokuwa akikiweza, mpeleke kliniki ya watoto bila kusubiri Januari. Karatasi za shule usizirudishe tupu; mwombe mwalimu wake akubali mstari mmoja ulioandikwa vizuri, na umweleze mchana anafanya nini kwa mikono yake.