Naomba ushauri: laiseni za Windows zilizobaki, naruhusiwa kuziuza?

Habari wakuu, nipo Tanga, nina steshenari Ngamiani, mwaka jana nilinunua laiseni 10 za Windows kwa mkupuo, ufunguo mmoja mashine zote, sasa mashine zimebaki 6 maana nyingine zimeliwa na chumvi ya bahari, yaani mazabodi ukiifungua imeota kijani. Kuna fundi anazitaka hizo laiseni 4 zisizotumika. Aliyeniuzia nimempigia akasema "uza tu, nani atajua", jibu gani hilo jamani. Nimesoma Mahakama ya Ulaya mwaka 2012 iliruhusu kuuza laiseni iliyotumika ila ufute kopi yako na usimege kifurushi, lakini hiyo ni Ulaya. Je, kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 kumega hivi ni kosa? Na fundi akija kufungiwa hiyo Windows, si nitakuwa nimemuibia?