Kampuni ikikaa kimya, tubishe hodi tena au tuondoke?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, hili limeshazua maneno kwenye magrupu yetu ya watengeneza maudhui, nikaona nililete hapa. Kuna kauli inazunguka kwamba influensa anayejiheshimu hafuatilii kampuni. Umetuma ofa yako, hujajibiwa, nyamaza. Wakikutaka watakutafuta wenyewe. Upande wa pili wapo wanaomwandama afisa masoko kutwa nzima: asubuhi barua pepe, mchana inboksi, jioni komenti chini ya tangazo la kampuni, "mbona hamjibu watu?"

Mimi nasema kufuatilia ni kazi kama kupiga picha na kuhariri video. Ila ina mpaka, na mpaka wenyewe tunaujua tangu utotoni: hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, geuka, wala usichungulie dirishani. Ofa yako ndiyo hodi ya kwanza. Ikipita wiki hivi, bisha ya pili. Ya tatu iache hadi wiki mbili tatu mbele, kisha waache mpaka msimu mwingine.

Kwa nini usinyamaze baada ya ya kwanza? Kwa sababu kimya cha kampuni mara nyingi hata si jibu. Pale Instagram, ujumbe wa mtu ambaye akaunti haimfuati hauingii kwenye inboksi kuu, unatupwa kwenye maombi. Sasa fikiria maombi ya benki au ya mtandao wa simu: huyu kafungiwa laini, yule katuma hela namba siyo. Anayezishika akaunti hizo aghalabu ni kijana wa huduma kwa wateja au wakala wa matangazo, na bajeti haiko mikononi mwake. Unayedhani amekudharau pengine hajawahi kukuona.

Halafu kuna kalenda, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Safaricom wanafunga mwaka wa fedha Machi 31, Vodacom Tanzania vilevile. NMB na CRDB wanakwenda Januari hadi Desemba. Ukimwandikia mtu wa kampuni inayofunga Desemba tarehe 20 ya mwezi huohuo, hela ya mwaka imekwisha na mwenyewe anapakia mabegi kwenda Moshi. Hajakukataa; umemfuata wakati mbaya. Mtu huyohuyo mwandikie Oktoba, wakati mipango ya mwaka unaofuata inaandikwa. Na anayetaka kazi za Ramadhani aandike Rajabu, asisubiri mwezi uandame.

Cha mwisho: hodi ya pili isiwe "nakumbushia tu". Njoo na jambo jipya. Video yako ya wiki hii imeangaliwa na watu wa mkoa gani? Ulipotaja bidhaa, watu waliuliza bei au walicheka tu? Mwenye duka la samani Mbezi hana haja na wafuasi laki moja ambao nusu yao hawako hata nchini.

Kuna mahali pamoja tu ambapo sihesabu hodi: kampuni ikishaniuliza bei. Hapo mlango wameufungua wao, na kunyamaza baada ya kutumiwa bei ni utovu wa adabu. Karibuni.

Afisa masoko, Dar es Salaam

Ndugu mleta mada, kalenda umeipatia, hilo la mwisho umekosea. Kuuliza bei si ahadi. Wakala anaombwa na kampuni alete majina, anakusanya bei za watu wengi kwa nafasi chache, anapeleka, halafu mwenye fedha anakaa na karatasi mwezi mzima. Wakala hawezi kukwambia "umekosa" wakati hajui, na hawezi kukwambia "umepata" wakati hajui. Anabaki kimya. Mnaona dharau, kumbe na yeye anasubiri.

Ninachoomba ni viwili. Namba yangu binafsi iacheni, sijui nani anaigawa. Nina barua pepe ya kazi, na Jumapili niko kanisani. Pili, msinitumie "habari dada, za siku nyingi?" peke yake. Salamu ni adabu, sikatai, lakini salamu tupu inanitaka nijibu "nzuri" kisha nikae kungojea shida yako. Salimia, kwenye ujumbe huohuo sema akaunti yako ni ipi, watu wako wako wapi, unataka kufanya nini, kwa bei gani. Huyo hata asipokumbusha namrudia mwenyewe.

Mwenye duka la nguo, Kariakoo

Mkuu, hodi ni ya nyumbani kwa mtu. Dukani hakuna hodi, watu wanaingia tu. Machinga angekuwa anabisha mara tatu na kuondoka watoto wake wangelala njaa. Kijana aliyenipata mimi aliniandikia sikumjibu, akaja dukani kwa miguu yake, akashika nguo, akaniambia hii video yake ataichukua hivi na hivi. Nilimpa kazi siku hiyohiyo.

Ila mbona hapa tunazungumza kama vile anayefuatilia ni influensa tu? Mimi nimetoa madera kwa dada mmoja mwenye wafuasi wengi, makubaliano stori tatu na posti moja. Mzigo alipokea akashukuru. Posti haijaonekana. Nikimwandikia nakula tiki za bluu. Nani ananifundisha mimi hodi zangu ni ngapi?

Mchangiaji asiyetaja alipo

Kwa kifupi: ukiwa na watu, humfuatilii mtu. Ukiona unafuatilia ujue huna watu.

Mleta mada

Mkuu, benki zinatupigia simu kila wiki zikitubembeleza tukope. Nazo hazina watu?

Mtengeneza maudhui, Nairobi

Ninyi mnabishana kuhusu kutafuta kazi. Huku kwetu maumivu yako kwenye kazi iliyokwisha. Umepiga video, umerekebisha mara tatu kwa sababu meneja hakupenda rangi ya kuta, imepanda, kampuni imefurahi, halafu pesa inachukua siku 60, 90, na ukiuliza wakala anakuambia mteja hajalipa. Ukiuliza tena unaitwa msumbufu, na sifa hiyo inafika kwa mawakala wengine kabla yako. Hapo hodi tatu za nini? Hilo ni deni, na deni hudaiwa hadi lilipwe.

Na kuna jambo mleta mada hajaligusa, labda kwa kuwa ni mwanamume. Mwanamke akifuatilia mara ya pili, wapo mameneja wanaosoma kitu kingine. Nimeshaulizwa saa nne usiku kama tunaweza "kuongelea hiyo dili" tukila chakula cha jioni. Tangu hapo nafuatilia kwa barua pepe tu, saa za kazi, na kuna mtu wa pili kwenye nakala. Kauli kwamba kufuatilia ni kazi kama kupiga picha ni rahisi kusemwa na asiyeulizwa maswali hayo.

Mhasibu, Mombasa

Nami niseme la upande wa pesa. Watu waja na ankara waliyoiandika wenyewe kwenye simu, kisha washangaa mbona malipo yakawia. Tangu Januari 2024 hapa Kenya, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haikubaliki kupunguzwa kwenye hesabu ya kodi ya kampuni. Mimi nikikulipa bila hiyo, mwajiri wangu ndiye aumiaye. Tena Sheria ya Fedha ya 2023 yataka nikate asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkaazi. Muswada wenyewe ulitaka 15, ukapunguzwa. Kwa hiyo usipigie kelele pungufu hilo kabla hujaomba cheti cha makato.

Ushauri wangu: kabla hujawasha kamera, ulizia nambari ya LPO, ile hati ya kampuni ya kuagiza kazi, na jina la mtu wa uhasibu. Kazi ikiisha, mfuate huyo. Meneja wa masoko ashakusahau, yuko kwenye kampeni nyingine.

Mdau, New York

Dada wa Nairobi, hapa jiji lilitunga sheria ya wanaofanya kazi kwa kujitegemea, ikaanza Mei 2017: kazi ya dola 800 kwenda juu lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba haukutaja siku ya malipo, ulipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza. Wakichelewesha, mahakamani unaweza kudai mara mbili. Mwaka 2024 ikapanuliwa hadi jimbo zima. Bado wapo wanaochelewesha, ila barua yako ya kukumbusha ikitaja sheria hiyo husomwa kwa namna nyingine kabisa.

Mleta mada

Dada wa Nairobi, deni nakubaliana nawe asilimia mia, hodi zangu zilikuwa za ofa. Na la saa nne usiku sikulifikiria; watu wa kampuni mlioko humu, lijibuni ninyi.

Mfanyabiashara, dukani kwako naingia bila hodi kwa sababu mlango uko barabarani. Ghorofa ya saba kuna mlinzi, anataka kitambulisho na jina la unayekwenda kumuona. Ndiyo maana natofautisha. Kuhusu madera, andikianeni hata kwenye WhatsApp kabla ya kutoa mzigo: posti ngapi, kufikia tarehe gani, na isipopanda anarudisha nguo au anarudisha bei yake.

Afisa masoko, kwako sijaridhika. Nakubali wakala hajui wakati karatasi iko mezani. Lakini siku majina yanatoka anajua. Ujumbe wa mstari mmoja, "safari hii tumechukua wengine", una gharama gani?

Afisa masoko, Dar es Salaam

Wa kwanza hauna gharama. Niliwahi kuwa nautuma. Ukishautuma, anauliza kwa nini. Ukimweleza, anauliza nani kachukuliwa. Akimjua, anauliza kalipwa ngapi, na kesho yake mazungumzo yetu yako kwenye stori yake na jina langu juu. Ofisi nzima ikaambiwa tusijibu. Mkikubaliana huko kwenye magrupu yenu kwamba "hapana" inapokelewa bila kesi, mimi nitampelekea bosi wangu hoja ya kurudisha utaratibu wa kujibu.