Goti bandia la mama linavuja majimaji wiki ya tatu: tumpe vidonge au tusubiri?

Mwana wa Pangani:
Shikamooni wakubwa. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68 na kisukari, aliwekewa goti bandia la kulia, na hii ni wiki ya tatu. Tangu Ijumaa goti limekuwa la moto, na ncha ya chini ya mshono inavuja majimaji yanayolowesha chachi kabla ya adhuhuri, ingawa hana homa. Duka la dawa wametupatia vidonge vya amoksilini, ambavyo bado hatujavianza. Shangazi naye anashikilia kwamba goti limewekwa upande, kwa kuwa matege ya mama hayajaisha kabisa. Je, hilo ndilo linaloleta uvujaji?

Daktari wa Mifupa:
Marahaba, na pole. Vidonge hivyo viacheni vilivyo, na leo hii mrudisheni mama kwa daktari aliyempasua bila kungoja tarehe ya kliniki. Bakteria wakiingia kwenye kiungo bandia hujishikiza juu ya chuma na plastiki, wakajijengea utando ambao dawa ya kumeza peke yake haiumalizi. Joto la goti linaweza kupungua kwa siku chache, familia ikafurahi, kumbe maambukizi yanaendelea chini kwa chini. Tena dawa ikitangulia, maji yatakayovutwa kwa sindano kutoka ndani ya goti huenda yasioteshe kitu maabara, na daktari akabaki kutibu kwa kubahatisha. Msiridhike na kijiti cha pamba kinachopitishwa juu ya mshono, kwani mara nyingi huokota bakteria wa ngozi tu.

Maambukizi yakithibitika mapema hivi, kwa kawaida goti hufunguliwa na kuoshwa, nyama iliyokufa huondolewa, na plastiki ya katikati hubadilishwa huku vyuma vikibaki. Dawa hufuata kwa muda mrefu: utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wiki 6 hazikufikia matokeo ya wiki 12. Mkichelewa, huenda vyuma vyote vikatolewa, kikawekwa kwa muda kipande cha saruji iliyochanganywa na dawa, na goti jipya likasubiri upasuaji mwingine.

Mnyoosha Viungo:
Kuhusu hoja ya shangazi, mguu kubaki na upinde kidogo hakuleti usaha. Kwa desturi daktari hulenga mstari unaotoka katikati ya kichwa cha nyonga hadi katikati ya kifundo upite katikati ya goti, lakini si kila mguu mzima umeumbwa hivyo. Uchunguzi uliofanyika Ubelgiji mwaka 2012 ulikuta upinde wa asili wa digrii 3 au zaidi kwa wanaume 32 na wanawake 17 katika kila 100, na wapo madaktari wanaouacha kidogo kwa makusudi. Ubishi huo huamuliwa kwa eksirei ndefu ya mguu mzima, mgonjwa akiwa amesimama, na goti lililovimba lisilonyooka huipotosha picha. Acheni kwanza.

Mwana wa Pangani:
Ahsanteni sana. Daktari wake amesema tumlete jioni hii, na asile chochote kwa sababu huenda akaingia chumba cha upasuaji. Insulini yake je?

Daktari wa Mifupa:
Wapigieni tena sasa hivi muulize kiasi cha kumchoma, msikate shauri wenyewe. Mpimeni sukari kabla ya kutoka, na vidonge vyake vyote mvibebe.